Tone Lililoshuka Hadi Kiwikoni

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Kadutu, hakuna aliyekupa kikombe bila kukionja kwanza yeye mwenyewe. Maji, chai, uji, pombe ya ndizi, hata dawa ya kikohozi: mwenye kutoa anapiga funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakukabidhi. Mgeni wa mbali angedhani ni utovu wa adabu. Kwetu hiyo ndiyo adabu yenyewe. Ni kusema, tazama, kama kuna kitu humu ndani, kitaanza na mimi. Nilijua kuangalia koo la mtu likimeza kabla sijajua kusoma, na mama yangu, kila niliporudi kutoka kwa watu, hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza nani alionja.

Tulikuwa tunaogopa karuho. Karuho ni sumu, lakini si ile ya dukani ya kuulia panya. Wanasema inafichwa chini ya ukucha, inadondoshwa kikombeni, na aliyekunywa hafi siku hiyo. Anakonda pole pole, miezi, mwaka mzima, tumbo linamsokota, na hospitalini hawaoni kitu. Mimi sijawahi kuiona karuho, wala sijakutana na mtu aliyeiona kwa macho yake. Lakini watu walioitwa wenye karuho nimewaona, na mmoja nilimtengeneza mimi, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na miaka tisa. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisema hapa, maana nimeizunguka miaka mingi ya kutosha.

Jina lake Mama Nabintu. Alikuwa mjane, jirani yetu, nyumba ya tatu ukishuka kile kinjia chetu kinachoteleza hata wakati wa jua. Aliuza musururu pembeni ya soko, kile kinywaji kizito cha mtama na mahindi ambacho wabeba mizigo wanakunywa asubuhi na kushiba mpaka saa tisa. Alikuwa na namna yake ya kuonja. Kabla ya kila kikombe alimimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akanywa, akakifungua kiganja mteja akione kitupu. Alifanya hivyo kwa kila mtu, siku nzima. Watu walimtania kwamba nusu ya ndoo anauza na nusu anakunywa mwenyewe, na kwamba ndiyo maana haenei mlangoni. Naye alicheka kuliko wao.

Siku ya Jumapili yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa ekodim, ile shule ya Jumapili ya watoto. Hakuwa na masomo mengi. Aliisoma Biblia kwa kusukuma kidole chini ya mstari, na neno likimshinda alituomba sisi tumsaidie, bila aibu yoyote. Alitufundisha kwamba Mungu anawasikia watoto kabla ya watu wazima. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba mtoto hajajua bado kudanganya. Nililipenda sana neno hilo. Nililiamini kabisa, hata siku ile nilipolitumia kumwangamiza.

Kila Jumamosi nilimsaidia kufagia kanisa, na baada ya kufagia alinipa kikombe cha musururu bure. Siku ninayoisema, jua lilikuwa kali na mikono yake ilikuwa bado na maji ya kudekia. Alimimina kiganjani kama kawaida, akanywa, lakini tone moja likamponyoka, likashuka mkononi taratibu hadi kiwikoni, na yeye akalifuata kwa ulimi kama mtoto, halafu tukacheka wote wawili. Ninaliona tone hilo hata sasa ninapoandika. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba nilisahau, au kwamba nilichanganya siku. Alionja. Nilimwona.

Sasa nije kwenye maji, kwa sababu kisa chote ni maji.

Baba alikuwa mbali, migodini Kamituga, anachimba dhahabu, na tulimwona Noeli kwa Noeli, mwaka mwingine hata hiyo Noeli ilipita. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa nyumbani, basi kuchota maji ilikuwa kazi yangu. Bomba lilikuwa juu kabisa, karibu na shule; kupanda tu ni jasho, halafu foleni, halafu kushuka na bidoni, dumu la plastiki, kichwani kwenye ngazi za udongo. Chini, bondeni, kulikuwa na kijito. Kinapita nyuma ya vyoo vya mtaa mzima. Mama yangu alinikataza kijito hicho, hata kuoga miguu, hata kuosha sufuria. Nami mwanzoni mwa kiangazi nikaanza kwenda huko. Nilijaza bidoni upesi, nikakaa juu ya jiwe na kucheza mpaka muda wa kutosha ulipopita, ndipo nikapanda nyumbani nikihema kama mtu aliyetoka bombani. Mama alinihurumia, akanipa kiti. Nilikuwa mvivu mwenye akili, na huo ndio uvivu mbaya zaidi.

Baada ya majuma machache tumbo likaanza kuniuma. Nikakonda. Kisha mdogo wangu Faida, aliyekuwa na miaka minne, naye akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani. Mama alitupeleka kwenye zahanati, wakatupa vidonge. Mama akatumezesha vidonge hivyo asubuhi na jioni, kwa maji yale yale ya bidoni langu. Vidonge vilipoisha na sisi hatukupona, majirani wakaanza kumwangalia mama kwa jicho lile, na mmoja akamwambia waziwazi kwamba ugonjwa usioonekana hospitalini tunajua unaitwaje.

Kanisa letu lilikuwa na chumba cha maombi, chumba kidogo cha mbao nyuma ya jengo, na mwenye kukiongoza alikuwa Mama Debora. Ningependa kusema alikuwa mwanamke mkali, mwenye sauti ya kutisha. Hakuwa hivyo. Alikuwa mpole, mikono yake ilinukia sabuni, na alipomwekea mtu mkono kichwani, mtu huyo alisikia usingizi. Watu walisema Roho anamwonyesha mambo. Tulikaa kwake siku tatu, mama akifunga bila hata maji, mimi na Faida tukipewa uji kidogo. Siku ya tatu, saa sita mchana, Mama Debora alinikalisha mbele yake juu ya mkeka, akaanza kuniuliza, pole pole, nilikula nini tangu kiangazi kianze, nilikunywa nini, na nani alinipa.

Nilimtajia ugali wa nyumbani, maharage ya nyumbani, mandazi ya shangazi. Akaniuliza maji tunachota wapi. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, nilimsikia akipumua. Nikajibu haraka kwamba ni bombani, kisha, ili tutoke kwenye maji, nikaongeza kwamba nilikunywa pia musururu wa Mama Nabintu, kila Jumamosi. Mama Debora akanisogelea. Kisha akauliza lile swali ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa kuliuliza tangu utotoni.

“Mbele akupatie, alionja?”

Naomba mnielewe, ingawa kueleweka si kusamehewa. Niliona milango miwili. Nikisema ndiyo, maswali yanaendelea, na mwishoni yanafika kijitoni, mbele ya mama aliyefunga siku tatu kwa ajili ya uvivu wangu. Nikisema hapana, maswali yanaisha. Sikumchukia Mama Nabintu. Nilimpenda. Nilidhani neno litabaki mle chumbani, watu wataliombea, litaisha, na Jumamosi nitakwenda kufagia.

“Hapana,” nikasema. “Hakuonja.”

Mama yangu alilia kwa sauti. Mama Debora alifumba macho akasema kwamba alikuwa ameonyeshwa kitu kama hicho tangu usiku wa kwanza. Nilishangaa sana. Nilijiuliza Roho amemwonyeshaje jambo ambalo mimi nimelitunga dakika hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka tisa, na hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza la kweli katika imani. Sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Neno halikubaki chumbani, bila shaka. Jumatatu ndoo ya Mama Nabintu ilirudi kutoka sokoni imejaa kama ilivyokwenda. Jumanne pia. Aliendelea kumimina kiganjani na kunywa, akifungua kiganja mbele ya watu wanaopita wakigeuza nyuso. Wabeba mizigo waliomtania miaka yote walivuka upande wa pili wa njia. Ndoo yote akawa anainywa mwenyewe au anaimwaga.

Halafu ikaja Jumapili ya Meza ya Bwana. Wakati huo kanisa letu lilitumia kikombe kimoja, kikubwa, cha bati, kinachopita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi. Sisi watoto tulikaa mbele kando, tukitazama watu wazima. Kikombe kilifika kwa Mama Nabintu, akanywa, akampa mwanamke wa pembeni yake. Mwanamke huyo alikipokea. Akakitazama ndani. Kisha akakipitisha kwa mwenzake bila kunywa. Mwenzake akakipitisha. Benchi yote ikakipitisha, na benchi ya nyuma yake, na nyingine, na kile kikombe kilitembea kanisa zima kikiwa kizito vile vile mpaka kikarudi mezani. Mchungaji alikipokea, akachungulia, akaelewa. Akatangaza wimbo.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kikombe hicho na maana yake. Mimi kila mara ninaona kile kilichokataliwa, kwa sababu yangu, na watu waliokuja kukinywa.

Meza iliyofuata Mama Nabintu alikaa benchi ya mwisho kabisa, peke yake. Kikombe kilipomfikia, alitikisa kichwa, akakiacha kipite. Wengine wote wakanywa. Watu walisema, mmeona, dhamiri inamhukumu. Lakini nilikuwa nimegeuka kumtazama, nikaona anavyowaangalia wakinywa, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa na uso wa mtu anayehukumiwa. Aliacha kunywa ili wao waweze kunywa. Nilielewa hilo siku ile ile, na hata hivyo nilinyamaza.

Juma hilo mawe yalianza kurushwa juu ya bati la nyumba yake. Siku moja alinikuta kwenye foleni ya bomba, kwa maana sasa nilikuwa nachota bombani, nitaeleza kwa nini. Wanawake waliokuwepo walisogea nyuma. Alikuwa amekonda, yeye aliyekuwa haenei mlangoni. Hakunishika, hakupaza sauti. Aliinama kidogo tu ili macho yetu yalingane.

“Nzigire, mutoto wangu. Ile siku, nilionja ao sikuonja?”

Alitaka neno moja. Wanawake kumi walikuwepo, na neno moja kutoka kwangu lingetosha. Wangelipeleka mtaa mzima kabla ya jua kuzama, jinsi walivyolipeleka lile la kwanza. Nilitazama chini. Niliona vidole vya miguu yake na vumbi lililo juu yake. Nikabeba bidoni langu likiwa nusu, nikaondoka. Kosa la chumbani ninaweza kulisukumia woga wa mtoto. La bombani sina pa kulisukumia. Siku chache baadaye nyumba yake ilikuwa imefungwa kwa kamba, na tukasikia amerudi kwa kaka zake, kijijini huko Walungu.

Sasa, kwa nini nilikuwa nachota bombani. Mama Debora alikuwa ameagiza kwamba kwa siku arobaini tunywe maji ya bombani tu, yaliyochemshwa na kuombewa, na mama awe ananisindikiza kuyachota ili shetani asiyaguse njiani. Basi mama alipanda nami kila asubuhi, isipokuwa siku ile ya foleni, alipobaki na Faida. Na sisi, kweli, tukapona. Faida alianza kukimbia tena, mimi nikanenepa. Kanisa lilishangilia. Nilisimamishwa juu ya kiti mbele ya watu, na gauni jipya, nikatoa ushuhuda kwamba yule mtu alipoondoka Bwana akatuponya. Nilitaja hata jina lake. Watu walilia, watu walipiga vigelegele, na wengine waliingia kanisani mwaka ule kwa ajili ya ushuhuda wangu. Baadhi yao wangali wanasali nasi mpaka leo, watu wema, wanaoomba kwa moyo.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa biolojia alichora amiba ubaoni. Akaeleza maji machafu, vyoo, kuchemsha, kuharisha, kukonda. Darasa zima lilikuwa linacheka umbo lile lisilo na umbo. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejificha kwenye pengo dogo: labda nilidanganya kuhusu kuonja, lakini labda ugonjwa nao ulikuwa na mtu aliyeuleta. Pengo hilo likazibwa. Mtu alikuwepo kweli. Alikuwa mimi, na bidoni langu.

Hapo ndipo imani yangu ilipovunjika miguu. Nilijiuliza, kama Mungu anawasikia watoto kwanza, basi alinisikia mimi nikidanganya kabla ya mtu mwingine yeyote, na akanyamaza. Alinyamaza chumbani, alinyamaza kikombe kilipozunguka, alinyamaza nilipokuwa juu ya kiti na gauni jipya. Na kile kilichotuponya ni amri ya mwanamke aliyeamini uongo wangu, kwa hiyo je, alikuwa Mungu ama hakuwa? Nilijaribu kuacha kuamini. Nilikaa kanisani mwaka mzima na mdomo umefungwa, nikipeleka mwili tu ili mama asiumie. Lakini nikagundua jambo ambalo sikulitegemea. Kama hakuna Mungu, basi walioliona lile tone likishuka ni wawili tu, yeye na mimi. Yeye hakuna anayemwamini, na mimi ni mwongo. Sikuweza kuvumilia dunia ambayo shahidi wake ni mimi. Nikarudi kuomba, si kwa furaha, ni kama mtu anayerudi nyumbani alikogombana na watu, kwa kuwa hana pengine pa kulala.

Nilimwambia mama yangu nilipofika miaka ishirini. Alikuwa anaosha sahani. Alimaliza zote, akakausha mikono, akaniambia nisimwambie mtu mwingine, kwa sababu Mama Debora amezeeka na jambo kama hilo litamvunja moyo. Nami nilitii, maana ilikuwa rahisi kutii. Ila tangu hapo, Meza ya Bwana ikifika, niliacha kikombe kipite. Nilijiambia ninamfuata Mama Nabintu. Huo nao ulikuwa uongo: yeye aliacha ili wengine wanywe, mimi niliacha ili nijione nimelipa. Mchungaji aliyekuja baadaye aliniuliza. Nilimjibu kwamba ni tumbo.

Leo nina miaka thelathini na minane, na mimi ndiye mwalimu wa ekodim. Cheka ukitaka. Nilikubali kwa sababu hakukuwa na mwingine, halafu nikawapenda wale watoto. Kanisa sasa linatumia vikombe vidogo, kila mtu na chake, ukubwa wa kizibo. Hakuna tena wa kuogopa mdomo wa jirani. Mwezi wa tatu mwaka huu, tukitoka ibadani, msichana mmoja wa darasa langu, ana miaka tisa, alinishika kitambaa akaniuliza mbele ya wenzake habari ya kikombe.

“Maman, juu ya nini weye haunywake?”

Nilifungua mdomo nimwambie ni tumbo. Halikutoka. Nilimwangalia umri wake, urefu wake, nikafikiri kwamba mtoto wa kimo hiki alibomoa nyumba ya mtu. Nikamwambia kwamba nitamjibu, lakini kuna mtu ninapaswa kumjibu kwanza.

Ijumaa nikapanda basi dogo la Walungu, kisha pikipiki. Sikujua kama yuko hai. Njia nzima sehemu yangu moja iliomba nimkute, na nyingine, nasema ukweli, iliomba nikute kaburi. Kaburi lingenisikiliza bila kuniangalia. Nikaonyeshwa nyumba ya matofali ya udongo yenye shamba la maharage mbele, na mwanamke mzee mwembamba ameketi juu ya kigoda, anapukuchua. Sikumtambua. Yeye alinitambua kabla sijasema jina.

“Weye njo Nzigire,” akasema. Akanionyesha mkeka.

Nilipiga magoti, nikaanza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya kanisani, yote yakanipotea. Nikamwambia tu kijito, bidoni, chumba, swali, jibu, kiti, gauni. Nikamwambia kwamba alionja, kwamba nililiona tone, kwamba sijawahi kusahau hata siku moja. Aliendelea kupukuchua maharage. Nilipomaliza, aliuliza kama Faida yuko. Nikamwambia yuko, ana watoto watatu. Akasema aksanti kwa Mungu, na alimaanisha. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikamwuliza, kwa sababu ndilo nililohitaji kulijua kuliko msamaha, kama aliendelea kuomba. Akasema anaomba kila siku, na kwamba siku nyingine anamgombeza Mungu kama mtu aliyemwoa.

“Ye alikuwa pale. Aliona ile tone. Namuulizaka, mbona ulinyamaza? Mupaka leo hajanijibu.” Akapuliza maganda kwenye ungo. “Lakini si ye njo alisema uongo.”

Hakuniambia nimesamehewa, nami sikuthubutu kumwomba alitamke. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayekutuma dukani.

“Ulisemea mu kanisa. Rudia, usemee mu kanisa.”

Nikaahidi. Kisha akajikokota ndani, akatoka na kibuyu na kikombe cha plastiki. Hauzi tena, ila musururu bado anapika, kwa ajili ya watoto wa majirani wanaokuja kusoma Biblia hapo uani. Ndiyo, bado anafundisha. Akamimina kikombe kikajaa. Akaninyooshea.

Hakuonja.

Sijui kama alisahau kwa uzee, au kama huko kwao, kati ya watoto, alikwisha kuacha, au kama alifanya kwa makusudi. Sijawahi kumwuliza. Ninachojua ni kwamba mkono wangu ulisimama. Mimi niliyetoka kuungama dakika hiyo hiyo, machozi hayajakauka, mimi ninayewafundisha watoto kwamba karuho ni hofu tu, mkono wangu ulifika katikati ya njia ukasimama wenyewe. Labda kwa muda wa pumzi moja. Nilisikia kichwani sauti ya mama yangu ikiuliza nani alionja. Nikafikiri, na hili sijamwambia mtu isipokuwa leo: huyu ana sababu.

Aliona. Hakukasirika, hakucheka. Alirudisha kikombe, akamimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto, kiganja kile kile, akanywa. Akakifungua mbele yangu, kitupu. Kisha akanipa kikombe, nami nikanywa chote nikilia, na kilikuwa kitamu vile vile kama zamani.

Nilikwenda Walungu kuungama nilichofanya nikiwa na miaka tisa. Nikarudi na kile nilichofanya nikiwa na thelathini na minane.

Jumapili nilisimama. Sikupanda juu ya kiti. Mama Debora alikuwa benchi ya mbele, haoni tena vizuri, mjukuu amemshika mkono. Nilisema habari ya kijito na ya uongo, nikataja jina la Mama Nabintu lote, mara mbili, ili walisikie vizuri kama walivyolisikia zamani. Watu waliitikia amina. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mtoto ni mtoto. Mama Debora aliinamisha kichwa akakaa hivyo mpaka mwisho. Kisha nikawaambia na habari ya mkono wangu, wa juzi, ulivyosimama. Hapo hakuna aliyeitikia amina. Nikaona wengi wakitazama chini, na wale wanawake wachache waliobaki wa benchi ile ya kikombe wakitazama mikono yao. Baada ya ibada yule msichana wa ekodim hakuniuliza kitu.

Sijapata jibu la kwa nini Mungu alinyamaza. Siku nyingine nadhani hakunyamaza, alikuwa anauliza kwa kinywa cha mwanamke mmoja kwenye foleni ya bomba, nami nikatazama chini. Siku nyingine hata hilo naona ni maneno ya kujifariji, basi ninaomba hivyo hivyo, bila kufarijiwa. Meza ya Bwana ninakunywa sasa. Nilianza Jumapili ile niliyosimama.

Kila mwezi ninakwenda Walungu, ninampelekea sabuni na chumvi, tunapukuchua maharage. Watu wa kanisa wawili wamekwenda nami, si zaidi. Na kila mara, kabla ya kunipa kikombe, anamimina kiganjani, anakunywa, anakifungua nikione. Kila mara ninataka kumwambia, koko, bibi yangu, usionje tena, nipe tu. Bado sijamwambia.